Zamu ya Umeme Katika Karakana ya Nyumbani

Leo hatutasema habari za mbegu wala mbolea. Leo tutaingia katika lile banda lililo nyuma ya nyumba, lile ambalo zamani lilikuwa la kuwekea majembe na magunia, na ambalo sasa limejaa mashine. Mazungumzo haya yanawahusu hasa wenzetu wa Arusha na miteremko ya Mlima Meru, kuanzia Ilboru na Moivaro mpaka Tengeru, Poli, Nkoaranga na Usa River. Lakini hata wewe uliye mbali, ikiwa una umeme na una mashine zaidi ya moja, kaa usikilize.

Ninyi mliokula chumvi nyingi mnaikumbuka mashine ya dizeli ya kijijini. Injini ilikuwa moja na mkanda ulikuwa mmoja. Kwanza mkanda unavishwa kwenye kinu cha kukoboa. Mahindi yakishakobolewa, injini inazimwa, mkanda unavuliwa, unahamishiwa kwenye kinu cha kusaga. Hakuna mtu aliyeweza kukoboa na kusaga kwa wakati mmoja, hata kama ana haraka namna gani. Mkanda ulikuwa ndio mwalimu. Mkanda ulilazimisha zamu.

Sasa umeme umefika. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, umesaidia nguzo kupanda mpaka vijiji vilivyo juu kabisa kwenye migomba. Lakini umeme hauna mkanda unaoonekana. Mashine tano zinaweza kuwashwa mara moja, na waya hautasema neno. Utachemka kimya kimya ndani ya ukuta, na siku utakaposema, utasema kwa moto. Kwa hiyo, ndugu mkulima, zamu ile iliyowekwa na mkanda, leo ni lazima uiweke wewe mwenyewe. Hilo ndilo jambo langu kubwa la leo.

Tuchukue mfano. Ni mfano wa kupanga tu, lakini huenda ukajiona ndani yake. Tuseme kuna mkulima kwenye miteremko ya Meru. Ana kahawa kidogo, ana migomba, na ana ng'ombe watatu wa maziwa wanaolishwa zizini. Katika banda lake ana pampu ya maji ya hospawa 1, na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ya hospawa 3. Kijana wake amesomea ufundi. Amenunua mashine ndogo ya kuchomelea, grenda ya kukatia vyuma, na kompresa ya hospawa 2 ya kujazia upepo matairi ya pikipiki. Umeme wote wa bandani unatoka kwenye soketi moja ya sebuleni, kwa waya mwembamba uliopitishwa dirishani. Je, mpango huu ni salama? La, si salama hata kidogo. Haya, tuutengeneze pamoja.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu. Kila mashine ina kibati kidogo kilichobandikwa ubavuni. Watu wengi hawakisomi. Kisome. Tafuta ampea, maana ampea ndizo zinazokuambia ni umeme kiasi gani utapita katika waya. Ikiwa kibati kinaonyesha wati tu, gawanya wati hizo kwa volti 230, ambazo ndizo volti za umeme wetu wa nyumbani. Grenda ya wati 2,000, kwa mfano, itakula ampea 9 hivi. Lakini mota angalia sana. Hospawa 1 ni wati 746, na hizo ni nguvu zinazotoka kwenye shafti. Umeme unaoingia ni mwingi zaidi, kwa sababu mota hupoteza sehemu yake kwa joto. Kwa hiyo kwenye mota fuata ampea zilizoandikwa kwenye kibati, usikisie.

Tuseme mkulima wetu amesoma vibati vyake, akapata hivi. Pampu ampea 6. Mashine ya majani ampea 15. Mashine ya kuchomelea ampea 25. Grenda ampea 9. Kompresa ampea 10. Taa na redio ampea 2. Narudia: 6, 15, 25, 9, 10 na 2. Jumla ni ampea 67. Ukiongeza birika la umeme la nyumbani, ampea 9, jumla inakuwa 76. Na tuseme swichi yake kubwa, ile iliyo karibu na mita, ni ya ampea 60. Hapo mkulima atashika kichwa. Atasema, umeme wangu hautoshi, niende nikaombe wa njia tatu.

Ngoja kwanza, ndugu yangu. Hatua ya pili ni kuuliza hivi: zipi zitafanya kazi kwa wakati mmoja? Usihesabu mashine ulizo nazo, hesabu mashine zitakazozunguka pamoja. Kijana ni mmoja. Akiwa anachomelea hawezi kushika grenda. Majani ya ng'ombe hukatwa asubuhi na jioni, tena kwa muda mfupi. Kwa hiyo panga zamu, kama mnavyopanga zamu ya maji ya mfereji. Asubuhi ni zamu ya majani na pampu: 15, na 6, na taa 2, na birika 9, jumla 32. Mchana ni zamu ya kuchomelea, na kompresa ikijiwasha yenyewe ni sawa: 25, na 10, na 2, na 9, jumla 46. Swichi ya 60 inatosha, na akiba inabaki. Hakuna fedha iliyotumika. Kilichotumika ni akili na kipande cha karatasi. Karatasi hiyo ibandike mlangoni mwa banda, kila mtu wa nyumbani aisome, hata yule anayepika chai.

Je, umeme wa njia tatu unafaa lini? Unafaa pale unapotaka mota kubwa. Mota za njia moja kwa kawaida huishia hospawa 3 hivi, na zikizidi hapo zinasumbua kuwaka na zinapunguza mwanga kwa majirani. Ukitaka kusaga unga wa biashara kwa mota ya hospawa 20, yaani kilowati 15, hiyo ni kazi ya njia tatu. Kila njia itachukua ampea 28 hivi, na mota itaanza bila kulia. Lakini njia tatu nazo zina masharti yake. Mashine ndogo za volti 230 zigawanywe sawasawa katika njia zote tatu, zisirundikwe kwenye njia moja. Tena mota iwe na kifaa cha kuizima njia moja ikipotea, maana mota ya njia tatu ikizunguka kwa njia mbili huungua upesi.

Sasa tuje kwenye waya wenyewe. Wenzetu wa Meru, mfereji mnaufahamu toka kwa mababu. Maji ya mito yetu huteremka hadi mto Kikuletwa, yakaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yakafuata mto Pangani. Njiani yamejengewa mitambo ya umeme: Nyumba ya Mungu megawati 8, Hale megawati 21 mwaka 1964, na Maporomoko ya Pangani mapya megawati 68 mwaka 1995. Na mwaka 2024 Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha. Huo ni umeme mwingi. Lakini mto ukijaa, shamba lako litapata maji mengi ikiwa mfereji wako ni wa upana wa kiganja? Halitapata. Ndivyo ulivyo waya. Waya mwembamba ni mfereji mwembamba, na tena mfereji ukiwa mrefu, maji yanapotea njiani.

Hebu tupime. Tuseme kutoka kwenye mita mpaka zizini kwa ng'ombe ni mita 40. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo safari ni mita 80. Ukitumia waya wa shaba wa 1.5, yaani milimita mraba 1.5, mashine ya majani ikila ampea 15 itapoteza volti 14 njiani. Mtu atasema, volti 14 ni kitu gani? Ngoja. Mota inapoanza kuzunguka hula ampea mara tano au zaidi ya zile za kawaida, kwa sekunde moja au mbili. Hapo volti 40 hadi 50 zinaweza kupotea. Mota inabaki na volti 180 na kitu, na theluthi moja au zaidi ya nguvu yake ya kuanzia imekwenda. Ndipo unaisikia ikinguruma papo hapo bila kuzunguka, halafu harufu ya kuungua. Mkulima analaumu mashine, fundi anaiondoa kwenda kuisuka upya, na kumbe mkosaji ni waya. Umbali ule ule, ukitumia waya wa milimita mraba 6, mota ikishazunguka inapotea volti 3 na nusu tu, na wakati wa kuanza volti 15 hivi. Waya mnene bei yake ni kubwa, kweli. Lakini waya unaununua mara moja. Mota utaisuka mara ngapi?

Basi, badala ya kupitisha waya dirishani, mkulima wetu avute kebo moja nene kutoka kwenye swichi kubwa mpaka bandani, na bandani aweke sanduku lake la breka. Hilo sanduku ndilo kichwa cha mifereji. Kutoka hapo kila mashine nzito ipate njia yake na breka yake. Mashine ya majani njia yake. Mashine ya kuchomelea njia yake. Kompresa njia yake. Pampu njia yake. Soketi za grenda na vifaa vidogo ziwe na njia yake, na taa ziwe peke yake. Kwa nini taa peke yake? Kwa sababu grenda ikiangusha breka usiku, usibaki gizani huku jiwe la grenda bado linazunguka mkononi mwako.

Na hapa nataka kusahihisha kosa moja ambalo ni la hatari sana. Watu hudhani breka au fyuzi imewekwa kuilinda mashine. Sivyo. Kazi yake ya kwanza ni kuulinda waya usichemke. Kwa kawaida waya wa 1.5 hupewa breka ya ampea 10, nao ni wa taa. Waya wa 2.5 hupewa breka ya 16 au 20. Waya wa 4 hupewa 25, na waya wa 6 hupewa 32. Waya ukipita mahali pa joto, au ukisongamana na nyaya nyingine katika bomba moja, fundi atapunguza hapo. Breka ikianguka mara kwa mara, inakuambia jambo. Yule anayeing'oa na kuweka kubwa zaidi, au anayefunga fyuzi kwa kipande cha waya wa uzio, amefanana na mtu anayemuua mbwa kwa sababu anabweka usiku. Mwizi bado yupo.

Ekstensheni nayo ina desturi yake. Ukiitumia kwa grenda, ikunjue yote. Ikiwa imezungushwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea, na plastiki yake itayeyuka. Na usiunganishe ekstensheni juu ya ekstensheni kama treni.

Sasa tukumbuke zamu hata katika kuwasha. Kwa kuwa mota hula sana inapoanza, washa moja, ngoja ishike mwendo, ndipo uwashe ya pili. Mashine ya majani iwashe ikiwa tupu. Usiijaze majani ya tembo kwanza ndipo ubonyeze swichi. Na unapoizima, ngoja ikamilishe yaliyomo, ili kesho ianze ikiwa nyepesi.

Ndugu wasikilizaji, niliyosema mpaka hapa yanahusu mali. Sasa nasema yanayohusu roho ya mtu.

Zizi ni mahali pa maji na mkojo. Mtu anaingia na ndala, au miguu mitupu. Waya ukichubuka ndani ya mota, bati lote la mashine linakuwa na umeme, na mashine bado inazunguka vizuri tu. Wa kwanza kuigusa ndiye atakayejua. Ng'ombe naye huhisi umeme mdogo kuliko ule anaouhisi mtu. Ukiona anasita kunywa maji katika hori la chuma, au anarusha miguu wakati wa kukamua bila sababu, pamoja na kumwita mganga wa mifugo, mwite na fundi umeme akapime.

Kinga ziko mbili, na zote mbili zinatakiwa. Ya kwanza ni waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, ufike kwenye kila mashine na uungwe na fimbo iliyozikwa vizuri. Ardhi kavu haipitishi umeme vizuri kama ardhi yenye unyevu, kwa hiyo fimbo itafutiwe mahali pa unyevu, na fundi aipime kwa kifaa chake, asiseme tu "iko sawa." Apime wakati wa kiangazi, kwa sababu iliyofanya kazi wakati wa masika huenda isifanye kazi mwezi wa tisa. Kinga ya pili ni ile swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Inahisi umeme unaopotea kupitia mwili wa mtu na kukata kabla moyo haujasimama. Ina kitufe cha kujaribia. Kila mwezi kibonyeze mara moja. Isipokata, haifai, ibadilishwe.

Jambo la pili la roho ya mtu ni umeme unapokatika. Tuseme mtoto analisha majani kwenye mashine. Umeme unakatika. Mashine inasimama, majani yamekwama. Mtoto anaingiza mkono ayavute. Hapo hapo umeme unarudi. Sina haja ya kumalizia maneno hayo. Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe hii: umeme ukikatika, cha kwanza ni kuzima swichi za mashine zote, ndipo mtu aende kuuliza majirani kama na kwao umekatika. Na bora zaidi, mashine ya majani na msumeno viwekewe swichi ile inayojiachia yenyewe umeme ukikatika, ambayo haiwashi tena mpaka mtu aibonyeze. Hata hivyo, mkono usiingie kinywani mwa mashine mpaka swichi imezimwa na plagi imechomolewa. Na mtoto mdogo asipewe kabisa kazi hiyo.

La tatu ni jenereta. Wako watu ambao umeme ukikatika huchukua jenereta na kuichomeka kwenye soketi ya nyumba. Umeme ule unaweza kurudi nyuma mpaka nguzoni, ukamkuta fundi wa TANESCO aliyepanda akijua waya umekufa. Lazima kuwe na swichi ya kubadilishia, inayofunga upande mmoja kabla ya kufungua mwingine.

Mtauliza, kazi yote hii nani ataifanya? Kutoka kwenye mita kuja ndani, nyaya ni mali yako na ni jukumu lako. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, na usione haya kumwambia akuonyeshe leseni hiyo. Sisi wa Arusha tuna bahati. Chuo cha Ufundi Arusha kimekuwa kikifundisha mafundi tangu mwaka 1978. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na ufundi wa vijijini kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1981, kiko hapa hapa Arusha. Ukitaka kununua mashine, nenda ukaulize kwanza mota yake ni ya hospawa ngapi, ndipo ulete nyumbani.

Basi tukusanye maneno yetu. Soma vibati, uandike ampea. Hesabu zinazofanya kazi pamoja, siyo zote. Panga zamu, ibandike mlangoni. Vuta kebo nene kadiri ya umbali. Kila mashine nzito iwe na njia yake na breka yake, na breka isizidi waya. Weka waya wa ardhi na swichi ya uvujaji. Umeme ukikatika, zima kila kitu.

Kesho asubuhi, kabla hujakata majani, fuata kwa macho ule waya unaokwenda bandani, toka mwanzo hadi mwisho. Umeunganishwa mara ngapi? Umepita wapi? Ushike uone, juu ya plastiki yake, mahali pasipochubuka, baada ya mashine kufanya kazi robo saa: una joto? Ukiwa na joto, leo mmesikia maana yake.